Dakika 20 za Kufunga: Kutunza Mashine za Spa na Saluni Katika Hewa ya Tanga

Mashine yangu ya kwanza ya mvuke wa uso ilinidumu miezi saba. Siku ilipokufa nilikuwa na biharusi kitandani, kashasingwa, katulia, imebaki zamu ya uso. Nikawasha, nikasubiri. Badala ya mvuke yakaruka matone ya maji moto, yakamwangukia shingoni. Alhamdulillah hakuungua, ila alishtuka mno, na somo wake, yaani kungwi wake, aliyekuwa amekaa pembeni alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja wa Ngamiani. Akaifungua, akachomoa koili, kile chuma cha ndani kinachochemsha maji, na kuniwekea kiganjani. Haikuwa na sura ya chuma tena. Ilikuwa nyeupe tupu, imenenepa karibu mara mbili, magamba juu ya magamba. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi, kipande kikabanduka kama ukoko wa chungu.

"Mwanangu, maji unayalaza humu ndani?"

"Ndiyo, mzee. Asubuhi nayakuta, naongezea tu."

"Basi hii hukuiua mchana ukiwa kazini. Umeiua usiku ukiwa umelala."

Nimeendesha saluni na chumba cha masaji hapa Chumbageni kwa miaka kadhaa sasa, na kila mwaka unaopita naona mzee alisema kweli. Mashine zetu nyingi haziuawi na kazi. Zinauawa na namna tunavyozilaza: maji tumboni, chumvi mwilini, plagi ukutani. Kwa hiyo mwongozo huu nitauanza jioni, mteja wa mwisho akishatoka, kabla sijagusa mashine moja moja.

Dakika 20 za jioni

Usiziache ziwe za mtu mwenye nafasi. Mpe mtu mmoja kwa jina, kila siku, na umlipe muda huo kama kazi. Ukisema "tutasaidiana", hakuna atakayefanya.

1. Zima kila mashine kwenye swichi yake, kisha swichi ya ukutani, kisha chomoa plagi. Shika plagi yenyewe, usivute waya. Mikono iwe mikavu.

2. Mwaga maji yote: mashine ya mvuke, beseni la miguu, trei ya chini ya kabati la kupashia taulo moto, chombo cha kuloweshea vifaa. Mashine ya mvuke isubiri ipoe kwanza. Maji yake yanaweza kukuunguza hata robo saa baada ya kuzimwa.

3. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, halafu pitisha kikavu. Hicho cha pili ndicho chenye kazi. Mabinti wengi hufuta mara moja kwa kitambaa kibichi wakaondoka, na hapo wameilaza mashine na unyevu ule ule.

4. Acha vifuniko na milango wazi: kabati la taulo, tangi la mvuke, mlango wa chombo cha kuchemshia vifaa. Chuma kilichofungiwa na unyevu hutoka kutu, na mpira uliofungiwa na unyevu hutoa harufu.

5. Funika mashine kwa shuka au kanga nyepesi ya pamba. Usitumie nailoni. Nailoni huzuia vumbi lakini hufungia jasho ndani.

Kama una muda wa mambo haya matano tu na huna wa kusoma yanayofuata, fanya haya matano.

Kwa nini Tanga ni tofauti

Mwenzangu mwenye saluni Lushoto alinunua kitanda kama changu mwezi mmoja na mimi. Cha kwake boliti bado zinang'aa. Cha kwangu, kilichokaa mita chache kutoka dirisha linaloelekea baharini, kilianza kutoa madoadoa ya kahawia kabla ya mwaka. Ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe ndogo za chumvi, zikitua juu ya chuma hunyonya unyevu wa hewani, na usiku chuma hulala chini ya utando wa maji ya chumvi usiouona kwa macho. Hata kile chuma tunachoambiwa hakishiki kutu hutobolewa na chumvi kikiachwa bila kuoshwa. Shaba nayo huota kijani, na shaba ndiyo iliyomo ndani ya plagi, swichi na nyaya zako.

Dawa yake si ghali. Mara moja kwa wiki osha chuma chote kwa maji baridi yenye sabuni kidogo, suuza, kausha, halafu pitisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, boliti na magurudumu. Narudia: mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi tunayo kila nyumba, na najua wengi hupaka hayo kwenye mashine za kunyolea. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukiweka kiyoyozi chako kwenye 22, umepaka gundi. Na yasipoganda, baada ya wiki hunata, hukamata vumbi na nywele, na meno ya mashine huanza kuvuta badala ya kukata.

Hamisha pia mashine kutoka dirishani. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, na tena kusi inapovuma, chumba kinachofunguliwa dirisha la baharini usiku kucha hupokea chumvi hadi asubuhi.

Maji: hapa ndipo pesa inapopotea

Maji yakichemka, madini ya chokaa yaliyoyeyuka ndani yake huganda na kushikamana na kile kinachochemsha. Kila siku utando mwembamba, na kila siku unaongezeka. Ukoko huo ni kama blanketi: joto la koili haliwezi kutoka kuingia kwenye maji, koili inazidi kupata moto ndani kwa ndani, mwisho inakatika. Kabla haijakatika, maji huchemka kwa kuruka ruka chini ya ukoko, na ndiyo maana mashine hutema matone.

Maji ya mjini hutoka kwenye bwawa la Mabayani, mto Zigi. Lakini wengi wetu tuna siku za kutumia maji ya kisima, na chini ya miguu yetu ni miamba ya chokaa na matumbawe. Yale mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa. Chokaa iliyoondoka pale ilikwenda na maji, na maji yaliyokaa kwenye miamba ya namna hiyo hubeba chokaa mpaka kwenye ndoo yako.

Yapime mwenyewe, huhitaji kifaa. Chukua kioo kisafi, dondoshea kijiko kimoja cha maji unayotumia, dondoshea pembeni kijiko cha maji ya kunywa ya chupa. Acha vikauke bila kufuta. Doa jeupe litakalobaki ndilo linalojengeka juu ya koili yako. Nilipofanya jaribio hili mbele ya wasichana wangu sikuhitaji tena kuwahutubia.

Kwa mashine ya mvuke na chombo cha kuchemshia vifaa kwa presha, tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa maji, yasiyo na madini. Maduka ya vifaa vya hospitali na maabara huyauza. Ukikosa, maji ya kunywa ya chupa yenye madini kidogo ni afadhali kuliko ya bomba, ila hapo uongeze bidii ya kusafisha ukoko.

Kuna maji mawili nakuomba usijaribu. La kwanza ni "maji ya betri" ya dukani kwa vipuri vya magari. Jina hilo hilo watu hulitumia kwa maji ya kuongezea na kwa asidi, na chupa hufanana. Mvuke huu mteja anauvuta puani. La pili ni yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ni kweli hayana chokaa, lakini yamepita kwenye vumbi na ute wa ndani ya mashine, yana vijidudu. Yamwagie maua.

Na kuna wateja wanaopenda maji ya chemchemi za kiberiti za kule Amboni. Sina neno na maji yale kwa miguu ya mtu, ila yaweke kwenye beseni la kawaida. Usiyapitishe kwenye pampu wala kwenye chochote chenye shaba, kwani kiberiti huigeuza shaba nyeusi na kuila.

*Kuondoa ukoko*

Kwa mashine inayofanya kazi kila siku, fanya kila wiki kama unatumia maji ya bomba au kisima. Ukitumia yaliyokenekwa, mara moja kwa mwezi yatosha.

Hakikisha mashine imepoa na imechomolewa. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe vitatu, mimina mpaka koili izame. Acha nusu saa. Utaona vipovu vidogo vikipanda, hiyo ni siki inakula chokaa. Vipovu vikiisha na weupe bado upo, mwaga, weka nyingine. Ukoko wa zamani unaweza kudai mara tatu au nne. Unga wa sitriki unaouzwa kwa waoka keki nao hufanya kazi vizuri na hauna harufu kali: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Ndimu pia husaidia, lakini chuja vizuri, nyama za ndimu huziba tundu la mvuke.

Usikwangue kwa kisu. Koili ina ngozi nyembamba, ukiichana umeme unakutana na maji.

Suuza mara tatu. Kisha weka maji safi, iwashe itoe mvuke dakika kumi, dirisha wazi, pasiwe na uso wa mtu mbele yake. Ukisikia bado harufu ya siki, rudia.

Kamwe usichanganye siki au sitriki na dawa ya klorini tunayong'arishia nguo nyeupe. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kidogo cha masaji gesi hiyo ni hatari ya kweli. Siku ya siki iwe siku ya siki.

Mambo mengine mawili ya mashine ya mvuke. Maji yasipite mstari wa juu wala kushuka chini ya mstari wa chini, kwani yakizidi hutema, yakipungua koili huungua. Na mafuta ya kunukia, iwe mchaichai, karafuu au asmini, hayawekwi ndani ya tangi. Mafuta huelea, huungua, hufanya povu, na povu hupanda na maji moto. Kama mashine ina kikapu cha juu cha pamba, weka tone hapo. Kama haina, weka kwenye taulo.

Umeme

Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kabla hujailipia. Mashine nyingi za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120 na mizunguko 60. Transfoma inashusha volti, haibadilishi mizunguko, kwa hiyo mashine yenye mota au saa ya kuhesabu inaweza kwenda kombo hata ukiwa na transfoma nzuri.

Halafu hesabu mzigo. Soketi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi. Zidisha 13 kwa 230, unapata wati 2,990. Hiyo ndiyo mipaka ya soketi moja pamoja na ekstensheni yote iliyochomekwa hapo. Draya ya mkononi peke yake inaweza kuwa wati 2,000, mashine ya mvuke 750, kabati la taulo 200. Jumla 2,950. Ongeza birika la chai la msichana wa mapokezi, ekstensheni inaanza kunuka plastiki. Vitu vinavyotoa joto visikae pamoja kwenye ekstensheni moja. Na ukishika plagi ukaikuta ya moto, usiseme ni kawaida. Plagi ya moto ina mguu uliolegea au ulioota kijani, ibadilishwe.

Fyuzi iliyomo kwenye plagi ilingane na mashine. Taa yenye kioo cha kukuzia au mashine ya kucha inataka ampea 3. Ukiweka 13, siku ya hitilafu itaungua mashine, fyuzi itabaki nzima. Na ile tabia ya kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya, iache leo.

Umeme ukikatika, usikae ukisubiri urudi huku vitu vimewashwa. Unaporudi mara nyingi huja kwa kuruka: juu, chini, unakatika tena. Chomoa vyote, acha taa moja iwe shahidi. Ikiwaka na kutulia dakika tano, anza kurudisha kimoja kimoja, vyenye mota mwisho. Kiyoyozi na friji ya barakoa viwekee friji gadi, kile kifaa kinachokata volti zikiwa mbaya na kuchelewesha dakika chache kabla ya kuruhusu. Kwa mashine ya umeme wa uso, ile ya vioo vinavyopitishwa usoni, na zenye kompyuta ndani, stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, inalipa gharama yake. Inunue kubwa kuliko jumla ya mzigo, usiibane.

Jenereta nayo: iwashe, iache ipate pumzi, ndipo uchomeke. Na usiizime mashine zikiwa bado zinavuta.

Jambo la mwisho la umeme, na hili si la mashine bali la roho. Chumba chenye maji, miguu mibichi na chuma lazima kiwe na waya wa ardhini uliopimwa na fundi mwenye leseni, na swichi kuu inayokata umeme ukivuja. Swichi hiyo ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Isipokata, mwite fundi siku hiyo hiyo, na beseni la miguu lisiguswe mpaka aje.

Beseni la miguu

Hapa naomba msomaji akae nami, maana ukilisahau beseni hupotezi mashine tu.

Mwaka 2000, kaskazini mwa California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yaliyokaa miezi. Waliofuatilia wakakuta bakteria wamejificha nyuma ya chujio la mabeseni yanayozungusha maji, mahali palipojaa nywele na ngozi zilizokatika, ambapo hapakuwa pakisafishwa. Beseni kwa nje lilikuwa safi.

Kwa hiyo kila baada ya mteja: mwaga, sugua kwa sabuni, suuza, weka dawa ya kuua vijidudu na uiache dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi 10. Kama beseni linazungusha maji, liwashe dawa ipite ndani ya mabomba. Jioni fungua skrubu za chujio, litoe, lisugue kwa mswaki wa zamani mbele na nyuma, na chungulia kwenye tundu. Wiki ya kwanza utakayofanya hivi utaona kitu kitakachokukosesha hamu ya chakula. Wiki ya pili hutakiona.

Na sisi huku tuna singo. Singo na liwa ni za kusugua mwili, lakini punje zake haziyeyuki. Karafuu iliyotwangwa na maganda ya maua huenda moja kwa moja kwenye chujio na pampu. Biharusi akisingwa, miguu yake ioshwe kwanza kwenye beseni la plastiki, na maji yale yamwagwe kupitia kitambaa. Nimebadilisha pampu mbili kabla ya kulielewa hili, zote baada ya msimu wa harusi.

Kitanda cha masaji

Adui wa ngozi ya kitanda ni mafuta tunayomkandia mteja. Yakipenya hukausha ngozi ile ya plastiki, inakuwa ngumu, inapasuka penye mshono. Tandika shuka nene, na kila baada ya mteja futa kwa maji ya sabuni laini, kisha kausha. Spiriti na klorini kali kila siku nazo huikausha vile vile. Tumia dawa iliyoandikwa kuwa inafaa kwa ngozi ya namna hiyo.

Kila mwezi lala chini, kwa kweli lala sakafuni, utazame tumbo lake. Kaza boliti zote kwa spana, sio kwa nguvu za kuivunja, kaza tu zisicheze. Cha kupandisha kwa mguu kikianza kushuka polepole mtu akiwa juu, tafuta unyevu wa mafuta karibu na pampu. Hiyo ni sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje, imechoka, na ni kazi ya fundi kabla hakijashuka ghafla.

Cha umeme kina mota isiyopenda kuchezewa. Vingi vimeandikwa kwenye kibandiko dakika 2 za kazi, 18 za kupumzika. Watoto wa wateja wakikifanya bembea, juu chini juu chini, mota inaungua. Rimoti iwekwe droo.

Nta, taulo, kucha, nywele

Chungu cha nta kisiwashwe kitupu, na nta iliyodondoka pembeni ifutwe ikiwa bado vuguvugu kwa pamba yenye mafuta ya kupikia. Ikiingia kati ya chungu na hita hutoa moshi, tena kipima joto husoma vibaya na mteja anaungua. Jaribu joto kila mara kwenye kifundo cha mkono wako mwenyewe.

Kabati la taulo lisishindiliwe. Taulo zikamuliwe kabisa, na asubuhi usitumie zilizolala.

Mashine ya kucha inakufa kwa vumbi lake yenyewe. Safisha matundu ya hewa kwa brashi kavu kila jioni, na ikidondoka chini, hata ikiwa inazunguka bado, isikilize: mlio wa kutetemeka maana yake shafti imepinda. Draya ina chujio nyuma, lifungue kila wiki utoe nyuzi. Draya inayojizima katikati ya kazi mara nyingi haijafa, imekosa pumzi.

Ile mashine ya vioo vya umeme wa uso: kioo kiingizwe kabla ya kuwasha, kifutwe kwa spiriti baada ya kuzima, kisizamishwe kwenye maji. Na spiriti iliyobaki usoni kwa mteja ikauke kwanza, kwa sababu kuna cheche.

Kuchemsha vifaa

Kabati lenye taa ya bluu halisafishi vifaa. Linavihifadhi tu vikishasafishwa kwingine. Nasema hivi kwa sababu wengi wamelinunua kwa kuamini limemaliza kazi. Kinachoua vijidudu kweli ni mvuke wa presha: nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3, muda ukihesabiwa joto likishafika. Na vifaa viingie vimeshasuguliwa na kukauka, maana uchafu uliobaki huwa ngao.

Mpira wa mlango ufutwe kila siku kwa kitambaa kibichi na ukaguliwe kwa ncha ya kidole, kuzunguka wote. Ukihisi mkato au ugumu, nunua mwingine. Ukiona mvuke unavuja pembeni, usiufunge kwa kitambaa wala kuusukuma mlango, zima usubiri presha ishuke hadi sifuri. Tundu la usalama lisizibwe kwa sababu yoyote. Maji ya tangi yabadilishwe kila wiki.

Kiyoyozi na moshi wa udi

Tunafukiza kila chumba, na wateja wanapenda. Lakini moshi wa udi na ubani una utomvu, na utomvu hunata kwenye chujio la kiyoyozi, kwenye feni, kwenye kioo cha taa ya kukuzia. Juu yake vumbi linajishika. Fukiza kiyoyozi kikiwa kimezimwa na madirisha wazi, funga baada ya moshi kutoka. Chujio lioshwe kwa maji ya sabuni kila wiki mbili na likauke kivulini. Kile chombo cha nje, kinachopokea chumvi yote, kimwagiwe maji baridi kwa mpira, taratibu, kikiwa kimezimwa kwenye swichi kuu, mara moja kwa mwezi.

Daftari, na siku ya kumwita fundi

Nina daftari la mistari, kila mashine na ukurasa wake. Naandika tarehe niliyonunua, volti na wati, tarehe ya kila siki, kila mpira uliobadilishwa, na bei. Lilinionyesha kwamba fyuzi ya kabati la taulo ilikatika mara tatu ndani ya Mei moja, na kila mara ilikuwa baada ya mvua ya masika. Fundi akafuata hapo hapo, akakuta maji yanachuruzika ukutani nyuma ya soketi. Bila daftari tungebadilisha kabati.

Kwenye droo nina fyuzi za ampea 3, 5 na 13, mpira mmoja wa mlango, chujio moja la beseni, koili moja ya mvuke na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Vipuri vingi hutoka Kariakoo, na kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi. Koili ikikatika Ijumaa asubuhi na harusi ni Jumamosi, droo ndiyo itakuokoa.

Usifungue kasha la mashine mwenyewe hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna vitu vinavyotunza umeme kwa muda baada ya kuchomoa, hasa kwenye zile za umeme wa uso. Fundi akija, mweleze ulichokiona na ulichokisikia: ilianza lini, ilikuwa na maji kiasi gani, umeme ulikuwa umekatika au la, harufu ya nini. Mwombe akuachie kipande alichokitoa. Mimi vyote ninavyo kwenye kopo, na msichana mpya akija kazini siku ya kwanza namkalisha, namwekea kiganjani ile koili nyeupe ya mashine yangu ya kwanza, halafu namkabidhi kitambaa kikavu.